Natafuta vifaa vya hisabati vya bure au bei nafuu, P6 (darasa la sita), shule ya kijijini. Ushauri tafadhali

Mwalimu_Bwera: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nafundisha hisabati P6 katika shule ya serikali huku Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda, karibu na mpaka wa Mpondwe. Darasa lina watoto zaidi ya mia, vitabu vya wanafunzi ni vya kugombania, na mwakani hawa hawa wanakaa PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Kinachowashinda ni sehemu, desimali na vipimo. Naomba mnielekeze vifaa vya bure, au vya bei ambayo shule kama yetu inaimudu. Nina haraka kidogo, natakiwa kutoa jibu kabla ya Ijumaa.

FundiSimu_Mpondwe: Mwalimu, umefika. Tafuta programu inaitwa Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Ni bure kabisa. Unaipakua mara moja mahali penye intaneti, unachagua masomo, halafu inafanya kazi bila intaneti. Ndani kuna video na mazoezi ya Khan Academy, na michezo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado. Usipakue kila kitu, ni mzigo mkubwa, chukua hesabu za msingi tu. Ukishakuwa nayo kwenye laptopu moja, unahamishia nyingine kwa flashi.

Dereva_Malaba: Enzi zetu kifaa cha hisabati kilikuwa fimbo, na jedwali la saba silijui hadi leo. Hesabu nilijifunzia hapa Malaba, kubadilisha shilingi za Kenya kuwa za Uganda huku mbadilishaji amekukazia macho. Ukikosea unalala njaa. Wapeleke watoto sokoni, mwalimu.

BintiArua: Dereva, watoto mia sokoni utawahesabu wewe jioni? Dada yangu, mimi ni mwalimu mwenzako, naongea nilichokifanya. Kata maboksi ya sabuni au manila kuwa vipande virefu vyenye urefu sawa. Kimoja wakiache kizima, cha pili wakunje nusu, cha tatu robo, cha nne thumni, waandike juu kwa kalamu. Kila kundi la watoto sita lipate seti yake. Watoto wengi wanaamini 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Ukiwaambia "hapana" wanaitikia tu. Wakiviweka vipande sambamba juu ya dawati, wanaanza kubishana wenyewe, na hapo ndipo somo linapoanza.
Vipimo usinunue chochote. Jerikeni la lita 20 lipo kila nyumba, chupa za maji za nusu lita zimejaa barabarani. Waulize kwanza chupa ngapi zitajaza jerikeni, waandike makisio yao ukutani kwa chaki, ndipo wajaze. Wakifika ya 40 hakuna atakayesahau.

Mzee_wa_Omweso: Na mchezo wetu mmeusahau. Omweso, bao letu la Uganda, una mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Huhitaji hata ubao, chimba mashimo chini ya mti, kete ni mbegu au kokoto. Kila mchezaji anaanza na kete 32. Muulize mtoto: 16 ni sehemu gani ya zote? Nikinyakua 8 umebaki na ngapi? Anayecheza omweso vizuri anapiga hesabu ya mizunguko kadhaa mbele kabla hajagusa kete. Sisi tuliitwa wavivu kwa kuucheza.

Kalamu_Nyeusi: Mwalimu, nimesoma mara mbili. "Jibu kabla ya Ijumaa." Jibu la nini? Vifaa vya bure havina tarehe ya mwisho.

Mwalimu_Bwera: Asanteni sana, BintiArua nimekuelewa vizuri. Kalamu, kuna mtu ametuletea kifurushi cha video za hisabati kwenye flashi, darasa la kwanza hadi la saba. Uongozi unataka kujua kama tuchukue au tuache.

Kalamu_Nyeusi: Kwa pesa? Ya nani?

Mwalimu_Bwera: Wazazi walichanga 2,000 kila mmoja, kwa hiari. Kamati ya shule ilijua. Na video nimeziona, ni nzuri, zinaeleweka.

Mama_Twaha: Hiari gani hiyo? UPE, elimu ya msingi bila ada, ilianza 1997 ili mtoto wa maskini asome bila kutozwa. Leo elfu mbili ya flashi, kesho elfu tano ya sijui nini. Huku kwetu mtoto wa jirani alibaki nyumbani wiki nzima kwa mchango wa "hiari". Walimu mna roho ngumu.

BintiArua: Mama, pole kwa huyo mtoto, lakini usimtwishe huyu mwalimu mambo ya huko kwenu. Aliyefundisha watoto mia kwa kitabu kimoja anajua maji yakifika shingoni yanakuwaje.

FundiSimu_Mpondwe: Mwalimu, hizo video kuna mtu anaandika kwa mkono kwenye ubao mweusi, rangi rangi, uso wake hauonekani?

Mwalimu_Bwera: Ndiyo.

FundiSimu_Mpondwe: Hizo zinafanana kabisa na za Khan Academy. Ni za bure, na leseni yao hairuhusu mtu kuzifanyia biashara. Mnauziwa maji ya mto wenu wenyewe.

Kalamu_Nyeusi: Je, kuna pesa iliyokwisha kutoka? Jibu moja kwa moja, dada.

Mwalimu_Bwera: Nusu imetoka. Nusu iliyobaki ndiyo inayosubiri jibu langu Ijumaa. Na kwa sababu mtauliza tu, aliyeleta ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Kabla hamjanirukia: alitumia bando lake mwenyewe, alikesha kupakua, akapanga kila video kufuata mada zetu. Hiyo si kazi? Na mimi ndiye niliyemkaribisha shuleni. Nikisema leo turudishiwe, nyumbani nitakaa vipi? Bado naona kifurushi kinaweza kuwasaidia watoto.

Dereva_Malaba: Haaa! Hisabati imegeuka kuwa harusi. Shemeji ni P6 au P7?

Kalamu_Nyeusi: Kamati inajua ni shemeji yako?

Mwalimu_Bwera: Mwalimu mkuu anajua.

Kalamu_Nyeusi: Nimeuliza kamati.

Mwalimu_Bwera: Hapana.

Mpelelezi_Jinja: Wakuu, mimi sikubali. Akaunti imefunguliwa juzi. Shule haina vitabu, lakini mwalimu yuko mtandaoni kila saa. Kifurushi kimetajwa kuwa "kizuri, kinaeleweka", mwenye nacho anasifiwa kwa kukesha. Huyu ndiye shemeji mwenyewe, anapima soko. Kesho atatupa namba ya kulipia.

Mama_Twaha: Nami nilinusa kitu.

Dereva_Malaba: Basi shemeji, shikamoo.

Mzee_wa_Omweso: Tangazo au si tangazo, omweso ni bure.

FundiSimu_Mpondwe: Mpelelezi, tangazo gani linauliza vya bure? Na hajataja bei hadi sasa.

Mpelelezi_Jinja: Ndiyo ujanja wenyewe. Kama ni mwalimu kweli, atuambie watoto wake wanakosea nini hasa kwenye desimali. Si maneno ya "wanashindwa".

Mwalimu_Bwera: Sikufungua akaunti hii kuuza kitu. Niko mtandaoni usiku kwa sababu simu inachajiwa kwenye sola ya shule mchana. Desimali: wanaandika 0.35 ni kubwa kuliko 0.5, kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 5. Karibu nusu ya darasa. Wengine wanajumlisha 0.5 na 0.35 wanapata 0.40, wamepanga 5 chini ya 5. Leo nilijaribu vipande vya BintiArua, tukavikata kwenye majalada ya madaftari ya zamani. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye huwa haongei, alikataa katakata kwamba 3/8 ni ndogo kuliko 1/2. "Madamu, tatu zinashinda moja." Akaja mbele, akaweka vipande vitatu vya thumni juu ya nusu, akaona kimebaki kinafasi. Akakijaza na cha nne, akanigeukia: "Kwa hiyo 4/8 ndiyo nusu?" Hakuna video iliyowahi kunipa swali hilo darasani.

BintiArua: Huyu ni mwalimu. Hiyo 0.40 huwezi kuitunga kama hujasahihisha madaftari yake.

Mpelelezi_Jinja: Sawa, hilo nalikubali. La shemeji bado.

Kalamu_Nyeusi: Dada, malipo ya kazi na bei ya bidhaa ni vitu viwili. Kama kijana alipanga video kufuata mada zenu, kamati inaweza kumlipa kwa kupanga na kwa flashi yenyewe. Video hazilipiwi. Lakini lazima wakae wakijua ni ndugu yako, na usikie wanavyosema ukiwa umekaa kimya. Ukingoja walisikie kisimani, utaitwa mwizi hata kama hukula shilingi.

Mwalimu_Bwera: Nitawaambia Alhamisi, na nitatoka nje wakijadili. Nusu ya pili nitapendekeza inunue manila, mikasi na kamba za kupimia, na ibaki kidogo kwa ajili ya Kolibri. Nusu ya kwanza sitamdai. Kazi aliifanya.

Kalamu_Nyeusi: Hilo ni la kamati kuamua, si lako.

Mwalimu_Bwera: Ni la kamati, lakini maoni yangu nitayatoa kabla sijatoka.

Mama_Twaha: Na waliochanga waambiwe pia, si kamati peke yake.

FundiSimu_Mpondwe: Jumamosi nipo kibandani Mpondwe. Njoo na laptopu ya shule na flashi ya GB 64, nitakuwekea Kolibri bila malipo. Mlete na shemeji, nimfundishe namna ya kuiendesha, maana mtahitaji mtu wa kuihudumia.

BintiArua: Mikasi nunua michache tu, dada. Watoto wakivikunja vizuri wanachana kwa rula.

Dereva_Malaba: Mimi nina vifuniko vya soda nusu gunia hapa Malaba, vya kuhesabia. Nani ana gari la kuelekea Kasese wiki hii?