Tupeane uzoefu: maumivu ya kiungo cha taya, nani mazoezi yamemsaidia? (Kigoma, Tabora na jirani)

Mama wa Ujiji (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Juzi sokoni Mwanga nimekutana na binti kashika shavu. Kesho yake alikuwa anakwenda kung'oa gego la pili, na la kwanza halikumsaidia kitu. Nikamshika mkono: subiri kwanza mdogo wangu, njia hiyo nimeipita.

Yangu ilianza 2021. Nikipiga mwayo, mbele ya sikio la kushoto panalia "ka!". Baadaye sikio likawa linauma usiku, nikatumia dawa ya matone wiki tatu na sikio lenyewe halina usaha wala nini. Zahanati moja wakasema gego litoke. Likatoka zima kabisa, halina hata tundu, na maumivu yakabaki palepale. Iliniuma sana, maana jino la ukubwani halioti tena.

Daktari wa meno mwingine ndiye aliyeweka vidole mbele ya masikio yangu akasema fungua, funga. Kisha akaniambia nisimamishe vidole vyangu vitatu wima niviingize kati ya meno ya juu na ya chini. Vikaingia viwili, kwa shida. Akanieleza kwamba kile kiungo kina kisahani laini katikati. Kikihama mahali pake taya linalia, au linakwama. Akauliza kama nasaga meno usingizini. Nikamuuliza baba watoto, kumbe anasikia kila usiku.

Akaniandikia niende fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Nilishangaa, nikijua kule ni kwa waliovunjika miguu na waliopooza. Nilianza na kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika shavuni, dakika 15 asubuhi na jioni, halafu kuchua msuli wa shavu taratibu kwa vidole. Zoezi lenyewe ni hili: ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya mbele ya juu, kama unataka kusema "na", kisha ufungue kinywa polepole bila ulimi kubanduka. Mara 6, na kwa siku unarudia mara 6. Nilifanya mbele ya kioo ili nione kidevu kinashuka wima, maana changu kilikuwa kinakwenda kushoto kwanza.

Lakini kilichonitibu hasa ni kuachanisha meno mchana. Midomo imefungwa, meno hayagusani. Mimi nachambua dagaa, na niligundua nikiinama kwenye ungo nauma meno kuanzia asubuhi mpaka jua la saa saba. Nikapaka nukta ya rangi ya kucha ukingoni mwa ungo. Kila jicho likitua pale, nalegeza taya. Baada ya miezi miwili na nusu vidole vitatu vikaingia. "Ka" bado ipo ila haiumi, na mtaalamu akasema sauti peke yake isiyo na maumivu niiache.

Leteni na yenu.

Mtu wa Kitete
Tabora hapa. Kwangu adui alikuwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na miwa. Niliambiwa niviache wiki sita, nile ugali, maharage yaliyoiva sana, samaki. Nikatafuna pande zote mbili. Zoezi nililifanya, lakini bila kuacha matobolwa ningekuwa bado nalia.

Boda wa Kasulu
Mimi taya lilichomoka kabisa. Alfajiri nasubiri abiria, nikapiga mwayo, kinywa kikabaki wazi. Siwezi kufunga, siwezi kusema, mate yanatiririka. Mmoja kijiweni akataka alipige ngumi lirudi. Jamani, msikubali hilo kamwe! Hospitali tabibu alizungushia vidole gumba bandeji, akaviweka juu ya magego ya chini, akakandamiza chini halafu akasukuma nyuma. Likaingia. Niliambiwa wiki kadhaa nisiachame, na mwayo ukija niweke ngumi chini ya kidevu. Mpaka leo nafanya hivyo.

Dada Nzega
Poleni wote. Mimi langu halifunguki tangu juzi, shavu limevimba na nina homa. Nianze zoezi la ulimi?

Fizio wa Tabora
Dada, hapana. Uvimbe na homa ni dalili ya maambukizi, mara nyingi jino limetunga usaha. Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho. Na yeyote ambaye taya linakaza baada ya kuchomwa msumari au kupata kidonda, hiyo inaweza kuwa pepopunda, mkimbizeni.

Kwa wengine: maumivu haya huwapata zaidi wanawake, na wengi hupona bila upasuaji. Usilazimishe taya kufunguka kwa nguvu. Ukifika mahali panapouma, rudi kidogo, fanyia hapo. Angalia na shingo: anayeinamia simu au cherehani kutwa, misuli ya shingo inavuta na taya. Mkiwa mbali na mji, ombeni mfundishwe vizuri mara moja, mkafanyie nyumbani, mrudi baada ya wiki tatu au nne. Nauli yenu isiliwe na kuja kila siku.

Dada Nzega
Asante kaka. Natafuta boda sasa hivi.

Mama wa Ujiji
Utujulishe ukifika, dada. Yule binti wa Mwanga kanipigia mchana: jino hajang'oa. Nimempima kwa simu, vidole viwili. Jumatatu naenda naye kwa daktari wa meno, ungo nitamwachia wifi.