Tarakimu za Kihindi zilifikaje Ulaya?

Swali: Ndugu wanajukwaa, naomba kueleweshwa: tarakimu zilizobuniwa India, sifuri ikiwamo, ziliwafikiaje Wazungu waliokuwa mbali kiasi hicho?

Jibu: Zilipitia Baghdad, ambako mwanahisabati al-Khwarizmi aliandika katika karne ya 9 namna ya kukokotoa kwazo, maandishi hayo yakatafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12.

Jibu: Naongezea, maana wafanyabiashara husahaulika mno. Fibonacci, mwanahisabati wa Pisa, Italia, alijifunza hesabu hizo angali kijana huko Bejaia, Algeria, alikoitwa na baba yake aliyewahudumia wafanyabiashara wa Pisa forodhani, na mwaka 1202 akaandika kitabu kilichofundisha, pamoja na mengine, kukokotoa faida na kubadilisha sarafu.

Jibu: Hata hivyo, mwaka 1299 chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuzitumia tarakimu hizo katika daftari zao za hesabu.