TLD ilikuwa moja kwa siku, sasa nina TB nimeongezewa kidonge cha pili: nipange vipi saa na lindo linabadilika kila wiki?

Mlinzi wa Zamu

Habari za wakati huu ndugu zangu. Naomba msaada, hasa kwa waliopitia hili au wanaofanya kazi dirisha la dawa.

Nina miaka 41, nipo Morogoro, kazi yangu ulinzi. Nilianza dawa za VVU 2017, wakati ule tukipewa TLE, yaani tenofovi, lamivudini na efavirenzi ndani ya kidonge kimoja, usiku kabla ya kulala. Ile dawa na lindo havikupatana kabisa. Unameza saa tatu usiku uko getini, ikifika saa tano taa za barabarani zinazunguka, unashika ukuta usianguke. Nikawa naimeza asubuhi nikitoka kazini ili nilale nayo, wiki ya zamu ya mchana nairudisha usiku. Na ndoto zake sitaki hata kuzikumbuka. 2019 wakanibadilishia TLD, efavirenzi ikatoka ikaingia dolutegraviri, nikashusha pumzi. Kizunguzungu kiliisha, nikachagua saa tatu usiku, niwe nyumbani niwe lindoni saa ni ile ile. Toka 2020 kila nikipima wingi wa virusi, havionekani. Mke wangu anajua hali yangu, yeye hana maambukizi, na hilo ndilo ninalolilinda kuliko geti lolote.

Mwezi uliopita kikohozi kikanikaa wiki tatu, nikawa nalowa jasho usiku, suruali zikaanza kunivuka. Makohozi yakapimwa, ni TB. Nimeanza dawa zake za miezi sita, nameza asubuhi kabla ya kula. Pamoja na hizo nikapewa kopo jingine, dolutegraviri peke yake ya miligramu 50, nikaambiwa "hii utameza saa kumi na mbili baada ya ile." Foleni ilikuwa ndefu, namba iliyofuata ikaitwa, nikatoka na kopo langu bila kuuliza neno.

Shida yangu ndiyo hii. Nameza TLD saa tatu usiku, kwa hiyo cha pili kinaangukia saa tatu asubuhi. Wiki ya zamu ya usiku, saa tatu asubuhi nimelala kama gogo. Wiki ya zamu ya mchana niko getini na mwenzangu mmoja, kibanda chenyewe hatua tatu kwa mbili, kopo likichakacha tu mfukoni anauliza "unatafuna nini?" Juzi niliamka saa saba mchana, kidonge cha saa tatu sijakigusa. Nilikaa kitandani nacho mkononi sijui nimeze au niache. Nikakirudisha kwenye kopo.

Hiki cha pili kina kazi gani hasa? Siwezi kuvimeza vyote viwili pamoja usiku nikamaliza? Na nimesikia Kenya na Uganda kuna watu wanachomwa sindano kila miezi miwili, hawamezi kitu, na wengine wanameza Jumatatu mpaka Ijumaa tu, Jumamosi na Jumapili wanapumzika. Kwa mtu wa zamu kama mimi, ipi ina unafuu?

Kihonda Kwetu

Pole sana kaka. Usijitese mno na hicho cha pili. Kuna utafiti ulifanyika Khayelitsha, kule Cape Town, watu 108 wenye VVU na TB. Wapo waliopewa dolutegraviri ya nyongeza na wapo waliopewa kidonge kisicho na dawa, na virusi vilishuka kwa makundi yote mawili. Ukikisahau siku mbili tatu hakitakuua.

Mfamasia wa Dirishani

Utafiti huo upo, ndugu wa Kihonda, ila ushauri uliotoa siukubali hata kidogo. Watu 108 ni wachache, na haukupangwa kwa ukubwa wa kuthibitisha kwamba kidonge kimoja ni sawa na viwili. Ulifungua mlango wa kuuliza swali. Mgonjwa aliyepo leo anafuata alichoandikiwa, na alichoandikiwa ni mara mbili.

Mlinzi, nikueleze kinachotokea mwilini, maana naamini ungeelezwa siku ile usingekirudisha kidonge kwenye kopo. Katika dawa zako za TB kuna rifampisini, ile inayogeuza mkojo rangi ya chungwa. Rifampisini inalichangamsha ini, na ini likichangamka linaivunja dolutegraviri haraka kuliko kawaida. Kidonge cha saa tatu usiku kilichokuwa kinakufikisha saa tatu ya kesho yake bila wasiwasi, sasa kinapungua njiani. Hicho cha asubuhi kinajaza pale palipopungua. Tenofovi na lamivudini zilizomo ndani ya TLD hazihitaji nyongeza, ndiyo maana hukupewa TLD mbili.

Kwa hiyo kumeza vyote usiku hakusaidii. Kiwango kitapanda sana usiku ule, kisha mchana wa kesho utabaki na upungufu ule ule. Tofauti ya saa kumi na mbili ndiyo dawa yenyewe.

Kuhusu juzi: uliamka saa saba mchana, kidonge kinachofuata ni saa tatu usiku, yaani saa nane mbele. Ulitakiwa umeze pale pale, halafu usiku uendelee kama kawaida. Kinaachwa pale tu ambapo zimebaki chini ya saa nne kufikia kinachofuata. Na usivifidie kwa kumeza viwili mara moja. Mwambie mhudumu wako wa CTC, kliniki yako ya VVU, kwamba kimoja kilikupita, aandike.

Sasa lindo. Umeshikilia saa tatu kwa sababu umeizoea tangu 2019, lakini sasa inakusumbua. Zamu zenu zinabadilishana saa ngapi? Kama ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, hapo ndipo pako. Ukiwa zamu ya mchana, alfajiri unaingia na jioni unatoka. Ukiwa ya usiku ni kinyume chake, lakini saa hizo mbili uko macho wiki zote, na uko njiani au mlangoni peke yako. TLD iende saa kumi na mbili jioni. Asubuhi meza dolutegraviri pamoja na dawa za TB, kuzimeza saa moja hakuna ubaya maadamu unameza mara mbili kwa siku. Kusogeza TLD kutoka saa tatu usiku kurudi saa kumi na mbili jioni hakuna madhara, siku ya kwanza umeiwahisha kwa muda wa saa tatu, basi.

Dawa za TB zikiisha usiiache dolutegraviri ya nyongeza siku hiyo hiyo. Unaendelea nayo wiki mbili zaidi, kwa sababu ini halitulii kwa usiku mmoja. Watu wengi wanakosea hapo, wanafurahi kumaliza TB wanatupa makopo yote.

Sindano ni kweli. Ni kabotegraviri na rilpivirini, unachomwa mbili kwa mpigo, moja kila tako, kila baada ya wiki nane. Utafiti wa CARES ulifanyika Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512 ambao virusi vyao vilikuwa vimefubaa kwa vidonge, na ilifanya kazi vizuri. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliipendekeza Julai 2025 kama njia mbadala kwa watu wa namna hiyo, wasio na homa ya ini aina ya B. Ila rifampisini inaziharibu zote mbili, hivyo mtu akiwa kwenye dawa za TB hachomwi. Na rilpivirini inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, kuanzia bohari mpaka chumba cha sindano. Wewe ifikirie ukishapona.

Ya Jumatatu hadi Ijumaa nayo ina asili yake. Utafiti wa BREATHER, matokeo 2016, ulihusu watoto na vijana wa miaka 8 hadi 24 waliokuwa wakitumia efavirenzi, ambao virusi vyao vilikuwa havionekani. Efavirenzi inakaa mwilini muda mrefu, ndiyo ile ile iliyokuzungusha getini. Ufaransa nako walijaribu siku nne kwa wiki, kwa watu waliochaguliwa na kufuatiliwa kwa vipimo. Aliyekuhadithia alikuwa anatumia dawa gani? Alikuwa na TB? Wewe una rifampisini inayoifukuza dolutegraviri kila siku. Siku mbili bila kidonge kwako siyo mapumziko.

Mama wa Kopo la Pamba

Mwanangu Mlinzi, pole na hongera kwa kupimwa mapema.

Mimi nilianza 2006. Tulikuwa tunapewa Triomune, mara mbili kwa siku, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na wiki mbili za kwanza asubuhi kopo hili jioni kopo lile ili mwili uizoee nevirapini iliyomo. Simu zenye kengele hatukuwa nazo wengi. Ndani yake kulikuwa na stavudini, ikanichoma nyayo kama natembea juu ya majivu ya moto, mashavu yakabonyea mpaka majirani wakajua bila kuambiwa. 2008 nikapata TB kama wewe. Enzi hizo hakukuwa na kidonge cha nyongeza, walinitoa kwenye nevirapini wakanipa efavirenzi kwa sababu ya hiyo hiyo rifampisini. Kwa hiyo anayokwambia mfamasia ni mambo ya siku nyingi.

Siku moja nilikuwa msibani Kilosa, saa moja jioni imefika, nimezungukwa na wanawake jikoni, hakuna pa kujificha. Kidonge nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la kanga. Nikajifanya naonja mchuzi, nikakimeza na kijiko cha mchuzi wa kuchemka. Ulimi ulibabuka wiki nzima. Lakini nilimeza.

Kuhusu kelele za kopo, dawa yake ni pamba. Jaza pamba juu ya vidonge mpaka visicheze. Kile kifuko kidogo kilichomo ndani usikitupe, kinanyonya unyevu, na usihamishie vidonge vyote kwenye karatasi au nailoni. Kopo liache nyumbani. Mfukoni beba kimoja tu cha siku hiyo, kwenye kikopo kidogo cha mafuta ya mgando kilichooshwa kikakauka. Nani atauliza mlinzi ana mafuta ya kupaka?

Halafu mkeo na watoto wapelekwe wakachunguzwe TB wiki hii hii. Umekohoa nao wiki tatu chumba kimoja.

Mlinzi wa Zamu

Nashukuru sana, sana. Zamu zetu zinabadilishana saa kumi na mbili kamili. Miaka yote hii sikuwahi kuona kwamba kuna saa mbili ambazo niko macho wiki zote.

Leo ni siku ya nne. TLD jioni, dolutegraviri na za TB alfajiri. Nameza nikiwa pale bombani kabla sijafika getini, na maji ya bomba. Kikopo kipo mfukoni, hakilii. Mke na watoto wawili wamechunguzwa, mdogo ana miaka mitatu, hana ugonjwa ila ameanzishiwa dawa ya kinga. Kidonge kilichonipita nimekisema kliniki, kimeandikwa, na safari hii nimeelezwa kwa utulivu.

Swali moja la mwisho kwa mfamasia. Hizi dawa za TB zinanipa kiungulia, huwa natafuna vile vidonge vyeupe vya magnesiamu. Ni sawa?

Mfamasia wa Dirishani

Vizuri umeuliza kabla. Magnesiamu inaishika dolutegraviri tumboni isiingie kwenye damu. Dolutegraviri lazima itangulie angalau saa mbili, au ije saa sita baada ya magnesiamu. Kwa ratiba yako mpya nafasi ni hizi tu: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, au saa mbili usiku hadi saa sita usiku. Saa kumi jioni usitafune hata kikiwaka vipi. Na kiungulia kikiendelea, au ukaona macho yana umanjano au chakula hakipiti, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo.