C-HR ya turbo, injini ya 1.2: nichukue au nisubiri haibridi?

Mama Wawili, Kahawa Sukari

Habari zenu wadau. Nimekuwa nikiwasoma kimya kimya, leo nimebanwa. Nataka kuiuza Fielder yangu ya 1.5 (imenibeba miaka sita bila neno) na nimeona Toyota C-HR ya 2018 kwenye yadi moja ya Ngong Road. Nyeupe, dashibodi inasoma kilomita 61,000, imetoka Japani na haijaonja barabara zetu. Wanataka milioni mbili na laki nane, ila mwenyewe amedokeza kwamba tunaweza kuongea.

Kinachonitatiza ni injini. Nilidhani C-HR zote ni haibridi (petroli pamoja na betri), kumbe hii ni ya petroli tupu, cc 1,196, yenye turbo (feni inayoisukumia injini hewa ya ziada). Shemeji yangu kusikia turbo akashika kichwa: "Injini ndogo kama pakiti ya maziwa hiyo, iburute gari zito vile? Haimalizi miaka miwili." Mume wangu naye anasema Toyota ni Toyota, nisimsumbue. Nimebaki katikati.

Safari zangu ni Kahawa hadi Upper Hill siku tano kwa wiki, na Thika Road ya asubuhi mnaijua. Jumapili ni kanisani, kilomita mbili tu. Mara moja kwa mwezi naenda kumwona mama Nakuru, na kurudi napitia Mai Mahiu, ule mlima wote. Mnaoijua injini hii, semeni nami kama dada yenu.

Kijana wa Umo

Kwanza tujue, shemeji anachangia ngapi kwenye hizo milioni mbili na laki nane?

Fundi wa Baba Dogo

Dada, karibu. Injini hiyo inaitwa 8NR-FTS. Toyota waliitoa 2015, wakaanza nayo kwenye Auris, halafu C-HR ilipoingia sokoni Japani Desemba 2016 ikapewa hiyo hiyo. Silenda nne, farasi 116. Lakini cc na farasi ndivyo vinavyomchanganya shemeji. Atazame nguvu ya kusukuma: ni Nm 185, na unaipata kuanzia mizunguko 1,500 hadi 4,000 kwa dakika. Fielder yako haifiki Nm 140, tena mpaka uikanyage ipite mizunguko 4,000 ndiyo inakupa zote. Kwa hiyo hiyo ndogo itaipita Fielder mlimani, mchana kweupe.

Halafu kuna jambo la hapa kwetu ambalo watu hawalitii maanani. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukifika Limuru umepita 2,000. Hewa huku ni nyepesi. Injini isiyo na turbo ikipanda kutoka Mombasa inaacha njiani kama sehemu moja kati ya sita ya farasi zake, na hakuna fundi atakayekurudishia. Ya turbo inajifidia yenyewe: kompyuta inaiachia turbini izunguke kwa kasi zaidi mpaka hewa iliyopungua ipatikane. Ndiyo maana wenye turbo hawahemi pale Mai Mahiu.

Ila hiyo kazi ya ziada ni joto, na joto linalipwa na oili. Ule mti wa turbo, yaani mhimili wake, unazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachouzuia usigusane na chuma ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili ikizeeka inaungua humo ndani na kuwa masizi, njia zinaziba, mti unaanza kucheza, na moshi wa buluu unakuaga. Turbo nyingi zinazoletwa kwangu hazikufa kwa ubovu wake. Ziliuawa na mtu aliyebania elfu saba za sevisi. Mimi wateja wangu wa turbo nawabadilishia kila kilomita 5,000, oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, kutoka chupa iliyofungwa. Ya kupimiwa kwenye mtungi peleka kwa mashine ya kusagia.

Jingine: petroli humu inapulizwa moja kwa moja ndani ya silenda, haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa. Zamani petroli ndiyo ilikuwa inaziosha. Sasa hakuna wa kuziosha, kwa hiyo baada ya miaka masizi yanajijenga pale. Ukiona gari inatetemeka ikiwa imesimama na plagi na koili ni nzima, hapo ndipo pa kufungua.

Na hizo kilomita mbili za kanisani, dada, nenda kwa miguu. Sitanii. Injini ya aina hii isipopata joto, petroli inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Ukiona kiwango kwenye kijiti cha kupimia oili kinapanda badala ya kushuka, usifurahi.

Teksi ya Usiku

Fundi amesema kweli yote, lakini hajajibu Thika Road. Mimi nina C-HR haibridi, 1.8, mwaka wa tatu nabeba abiria. Vipimo vya Japani vya JC08 vinaipa kilomita 30.2 kwa lita, na hiyo turbo yenye 4WD (inayosukuma magurudumu yote manne) wanaipa 15.4. Najua, hizo ni namba za maabara, hazijawahi kukaa Githurai saa kumi na mbili asubuhi. Lakini jamu ndiyo inazidi kuzitenganisha. Mimi pale nimezima injini, natambaa kwa betri. Yeye anachoma mafuta akitazama matatu ikimwingilia mbele. Rafiki yangu wa turbo anapata 10 akijitahidi, mimi sishuki 18.

Watu watakutisha na betri. Waambie wakutajie bei ya turbo kwanza.

Golf Saba

Teksi, betri usiipitie haraka hivyo. Ya 2018 ina miaka yake, na kichujio cha feni yake kule nyuma hakuna anayekumbuka kukisafisha.

Dada, mimi siendeshi Toyota lakini tuko familia moja: Volkswagen Golf 7, 1.2 TSI (turbo ya Volkswagen), farasi 105, Nm 175. Hofu ya shemeji yako naijua ilikotoka. Zile 1.2 TSI za kwanza, kizazi cha EA111, zilikuwa na cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu, iliyokuwa ikilegea, na watu wakaweka injini zote ndogo za turbo kapu moja. Kizazi kilichofuata, EA211 kilichoanza 2012, kikaja na mkanda na wala hakina kelele hizo. Nataka kusema usihukumu turbo, hukumu injini moja moja. Hiyo 8NR ni ya cheni, na cheni nayo inaishi kwa oili.

Yangu ina kilomita 148,000 na turbo ni ile ile. Iliyokaribia kuiua ni gereji moja karibu na kwangu. Nilisafiri, nikamwachia ndugu yangu aipeleke sevisi, wakamwaga oili nzito ambayo nafikiri ilikuwa ya lori. Kuiwasha asubuhi ya baridi ya Julai ikawa inagonga kama cherehani. Tuliimwaga siku hiyo hiyo, ikapona. Tangu hapo nanunua oili mwenyewe na nasimama hapo hapo fundi akimimina, hata akinikasirikia.

Mama Wawili

Asanteni sana. Fundi, nikienda Jumamosi nitazame nini? Mimi najua kupiga matairi teke tu.

Fundi wa Baba Dogo

Anza na namba ya chesi. NGX50 ni turbo ya 4WD, NGX10 ni turbo ya magurudumu ya mbele, hizi zilianza kuuzwa Japani 2018. ZYX10 ni haibridi. Kwa safari zako 4WD ni uzito wa bure, unalipia diferensha ya nyuma ya kupeleka kanisani.

Gari ulikute baridi. Weka mkono juu ya boneti kabla ya salamu. Ukikuta moto, mtu amekutangulia kuficha kitu, au labda hana nia mbaya, lakini wewe rudi siku nyingine. Iwashe, sikiliza sekunde tano za kwanza, mlio wa cheni unasikika hapo. Ikishapata moto, iache iwake ikiwa imesimama dakika kumi kisha ikanyage, mtu asimame nyuma aone rangi ya moshi. Intakula ya hii injini (kipoza hewa ya turbo) inapozwa kwa maji, si kwa upepo, kwa hiyo chunguza matangi ya kulanti, maji ya kupozea, kama yamepungua. Ukiendesha, CVT (gia otomatiki isiyo na ngazi) isishtuke unapoanza kuondoka wala isivume kama nyuki.

Na fungua mlango wa dereva, tazama kwenye fremu. Wajapani huwa wanabandika stika ya oili yenye tarehe na kilomita. Yadi nyingi hazijui kuisoma, kwa hiyo hawaibandui. Nipigie picha.

Mama Wawili

Nimerudi. Jumamosi boneti moto. Jumatatu nikapita bila kuwaarifu, moto tena! Kijana wa yadi akaniambia ni jua. Saa mbili asubuhi, Nairobi, jua gani?

Alhamisi nilikuwa getini kabla hawajafungua. Ni NGX50. Iliwaka vizuri, sikusikia cheni. Lakini stika ilikuwepo, Fundi umeiona picha: 47,300. Dashibodi 61,000. Oili kwenye kijiti nyeusi kama lami ya Outering.

Fundi wa Baba Dogo

Karibu kilomita elfu kumi na nne kwa oili moja, ndani ya turbo. Huenda alibadilisha mahali pengine pasipobandika stika, lakini rangi ya hiyo oili inakataa. Hata wakishusha laki mbili, mimi singechukua.

Mama Wawili

Walishusha laki moja na nusu. Nimekataa. Nilienda kuziona haibridi mbili kwa sababu yako Teksi, moja ilikuwa imegongwa nyuma na karatasi ya mnada wa Japani ikatuumbua, ya pili bei ilinishinda.

Halafu jana Fundi amenipeleka Kiambu Road. NGX10, 2018, kilomita 54,000, stika tatu zimebandikwa moja juu ya nyingine, hakuna sevisi iliyopitisha kilomita elfu sita. Boneti baridi. Tumeiendesha mpaka Limuru na kurudi, oili kwenye kijiti haikushuka, moshi hakuna.

Kijana wa Umo

Na shemeji amesemaje?

Mama Wawili

Nimeshalipa amana. Shemeji bado hajui.