Ushauri: Vitabu vya mwaka wa kwanza uhandisi, darasa la watu 60, tupunguzeje gharama?

Klasrep_Uhandisi: Wadau, salamu. Muhtasari wa kozi una vitabu vinne: kalkulasi, fizikia, takwimu na misingi ya uchumi. Vyote ni vya kigeni na vyote toleo jipya. Bei ya kimoja tu inameza pesa ya chakula ya wiki kadhaa. Kuna makomredi wanataka tuchange tununue nakala moja moja, kisha tutoe fotokopi 60. Tuko hapa Nairobi. Mnasemaje?

Mkutubi_Pembeni: Kabla hamjachanga hata shilingi, mwendeeni mhadhiri mkamuulize: yuniti hii inatumia sura zipi, na toleo la zamani linakubalika? Msimuulize kama kitabu ni cha lazima, atasema ndiyo tu.

Kalkulasi ya mwaka wa kwanza haijabadilika. Kinachobadilika toleo kwa toleo mara nyingi ni namba za maswali na mpangilio wa sura, na hapo ndipo watu huumia: mmeambiwa mfanye swali la 14 hadi 20, mwenye toleo la zamani anafanya mengine kabisa. Mmoja mwenye toleo jipya apige picha maswali yaliyotolewa, ayarushe kwenye grupu.

Mkienda kwa wauza vitabu wa inama, wale wanaopanga vitabu chini kando ya barabara, katikati ya jiji, bebeni ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) kwa sababu kila toleo lina yake. Kagua namba za kurasa pia. Vitabu hukunjwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hivyo kosa la kiwandani huondoka na fungu zima, wala hutaligundua hadi usiku wa kuamkia mtihani. Zile nakala zilizoandikwa kwamba ni za kuuzwa Bara Hindi pekee ni nafuu, ila maswali yake wakati mwingine yamebadilishwa.

Komredi_Hesabu: Masomo yote manne yapo OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ulioanza kutoa vitabu vya bure mwaka 2012. Angalizo: kwa fizikia chukueni University Physics, si College Physics. Hiyo ya pili haitumii kalkulasi, mhandisi itamwacha njiani. Juzuu la 1 ni mekanika, umeme uko la 2. Kitabu cha uchumi kimejaa mifano ya Marekani, kwa hivyo kisomeni pamoja na Economic Survey, ripoti ya uchumi wa Kenya ya KNBS (shirika la takwimu la taifa). Hutoka kila mwaka na PDF yake ni bure.

Pakueni mara moja kwa WiFi ya chuo, halafu mpeane kwa flashi. Bando za watu 60 ni hasara.

BaindiPoa: Kwa wanaotaka karatasi: usifike dukani ukasema "nitolee yote". Kurasa 800 zikipangwa mbili kwa kila uso, pande zote mbili, ni karatasi 200 za A4. Tuseme unatozwa shilingi 3 kwa uso: nyuso 400 ni 1,200. Ukurasa mmoja kwa uso ingekuwa 2,400. Karatasi 200 za gramu 80 ni unene wa kama sentimita 2, baindi ya plastiki inabeba bila shida.

Ubaya wake ni kwamba herufi hushuka hadi kama asilimia 70, na vipeo vya milinganyo ndivyo hupotea kwanza. Kata pembezo nyeupe za PDF kabla ya kuchapa, na utoe karatasi moja ya majaribio, tena iwe yenye milinganyo. Mwambie fundi ageuze kwa ukingo mfupi, la sivyo upande wa nyuma utatoka kichwa chini. Kurasa zenye grafu za rangi zitoe kwa rangi peke yake.

Wakili_wa_Jioni: Hizo fotokopi 60 za kitabu kizima cha dukani wekeni kando. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inaacha nafasi ya utafiti na matumizi ya binafsi, na mzigo huo hauingii hapo. Vya OpenStax vingi vina leseni huria ya Creative Commons iitwayo CC BY, yaani chapa, baindi, hata uza, mradi utaje chanzo. Calculus ni CC BY-NC-SA: changeni gharama, msiweke faida. Someni leseni kwenye kurasa za mwanzo za kila kitabu.

Klasrep_Uhandisi: Shukrani. Mhadhiri wa fizikia amekataa kata kata, anataka kile kile cha kwake.

Mkutubi_Pembeni: Basi ombeni yeye mwenyewe aandikie maktaba, nakala 3 ziwekwe kaunta ya mikopo mifupi, saa mbili kila mtu, zisitoke nje. Ombi la mhadhiri huwa na uzito kuliko la mwanafunzi. Maktaba ikifunguliwa saa 14 kwa siku, hizo ni zamu 21, kila mtu anafikiwa ndani ya siku tatu. Wiki ya mtihani haitatosha, kwa hivyo gawaneni kwa vikundi vya watu watatu watatu kwa zamu moja.