Naomba ushauri: jengo la chuo litakalowakutanisha walimu na wanafunzi, Bukavu

MchoraRamani: Ndugu zangu, nimepewa kazi ya kuchora jengo la chuo kikuu la ghorofa tatu kwenye mteremko wa Ibanda, na wenye chuo wanataka walimu na wanafunzi wa vitivo mbalimbali wazoee kuzungumza na kufanya utafiti pamoja. Nimeweka ukumbi mpana chini kabisa, unaotazama ziwa. Je, viti viwe vya kusogezwa au vya kudumu? Usingizi umenihama.

Asistanti wa Bagira: Tuanze na umbali. Mwaka 1977 Thomas Allen wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, alionyesha kwamba wahandisi huzungumza kidogo zaidi kadiri meza zao zinavyoachana, na zikipita mita 50 hivi mazungumzo ya kila wiki karibu yanakwisha. Walimu wako watakaa wapi, na watapita wapi?

Mama Nguba: Chuo nilichosomea hakikuwa na ukumbi wowote. Tulikutana chini ya bati la muuza mandazi, kwa maana mvua ya Novemba ilipoanza, profesa wa sheria, sisi wa uuguzi na mlinzi tulibanana pale mpaka inyamaze, na ndipo nilipompata aliyenisaidia kuandika kazi yangu ya mwisho. Weka bati refu mlangoni, mwanangu.

Fundi wa Kadutu: Vijana wa leo huzungumza na simu. Weka soketi kwenye benchi moja tu, utawaona wote hapo. Ila chunga ukuta wa kuzuia udongo.

Asistanti wa Bagira: Hujajibu. Milango ni mingapi?

MchoraRamani: Miwili. Maprofesa waliomba mlango wao upande wa barabara ya juu, unaoingilia ghorofa ya kati, pamoja na ngazi za kupandia ofisini juu bila kupita kwa wanafunzi. Nilikubali, na zege la msingi wake limemwagwa wiki iliyopita. Lakini mteremko wenyewe ndio uliotaka milango miwili, na mtu anayesahihisha mitihani anahitaji utulivu.

Asistanti wa Bagira: Kumbe unauliza habari za viti vya ukumbi ambao nusu ya watu hawataukanyaga! Jengo la 20 la MIT lilikuwa la mbao, la muda, lililojengwa mwaka 1943, likasimama hadi 1998. Watu wa fani tofauti walipotea katika korido zake, wakaingiliana, na waliohitaji nafasi walitoboa kuta. Hakuna aliyelichora ili lipendeze.

Msoma Kimya: Mimi nina shaka. Mchoraji gani humwaga zege kwanza, kisha akaomba ushauri? Hili ni swali la mtihani wa usanifu, nasi tunamfanyia mtu kazi yake bure.

MchoraRamani: Mzee wangu, mvua ya juzi ilijaza shimo la msingi, na vijana watatu waliteka maji kwa ndoo hadi jioni. Mtihani gani una ndoo?

Fundi wa Kadutu: Hilo la ndoo ni la kweli.

Asistanti wa Bagira: Basi acha zege mahali pake, uhamishe ukumbi: uwe ghorofa ya kati, baina ya mlango wa barabara na ngazi za maprofesa.

MchoraRamani: Watakataa. Wanasema wakipita ukumbini, wanafunzi watawasimamisha wakidai alama zao.

Mama Nguba: Na bati je?