Proforma ya dola 15,671 kwa injini isiyo mbovu! Wenye malori wa Lubumbashi, someni hii kabla hamjasaini

Jambo yenu wote.

Nina lori moja tu. Kichwa cha Ulaya kilichofika hapa kikiwa kimetumika, silinda 6, lita 13, na tela la ekseli tatu. Hilo ndilo linalolipa nyumba, shule ya watoto wanne na mshahara wa shofere wangu. Kwa hiyo mtu akinisukumia mezani proforma, yaani karatasi ya makadirio ya bei, ya dola 15,671 na senti 60, ananiambia nifunge kazi. Nimekaa na hasira hii wiki tatu nikingoja ipoe. Haijapoa.

Lori lilikuwa linatoka Ndola na chokaa ya kupeleka migodini Kolwezi. Lilipita mpaka wa Kasumbalesa salama, likalala Lubumbashi, asubuhi likashika njia ya Likasi. Kabla ya kufika Likasi taa ya maji ikawaka. Shofere akasimama, akaongeza lita 5, akaendelea. Baada ya kilomita kama 80 ikawaka tena. Alifika Kolwezi kwa madumu, akashusha mzigo, akarudi mtupu.

Aliporudi alinipa taarifa ambayo nitajilaumu maisha yangu yote kwa kutoisikiliza vizuri. Moto wa injini haukuwahi kufika kwenye nyekundu. Oili safi, haina rangi ya maziwa. Moshi wa kawaida, nguvu ileile mlimani. Ila kwenye tangi dogo la maji kuna mapovu. Akaniambia: "Patron, angalia ile mapovu. Upepo ikijaa, ikipiga pshhh, yenyewe inanyamaza. Ukikanyaga breki mara nyingi, inarudi." Mimi nikamwambia tuwaachie wenye kompyuta.

Nikalipeleka kwa wakala wa watengenezaji wa lori. Jina silitaji. Nilikwenda pale kwa makusudi, nikijua saa moja ya kazi ni dola 55 wakati fundi wa mtaani angenitoza kidogo sana. Nilikuwa nanunua uhakika.

Walichomeka kompyuta dakika 40, wakaandika dola 150 za uchunguzi. Niliomba kuona kilichosomwa. Kilikuwa kitu kimoja: kiwango cha maji kiko chini. Hilo hata taa ilishaniambia bure! Kijana mmoja akafungua kifuniko, akaona mapovu, akasema "joint ya kilasi imekufa" (joint ni gasketi, na kilasi ni ile wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita silinda hedi, kile kichwa cha chuma kinachofunika silinda). Hapo ndipo uchunguzi ulipoishia. Kesho yake proforma ikatoka: kilasi kamili dola 5,200, injekta 6 (zile zinazopulizia mafuta ndani ya silinda) za dola 780 kila moja, yaani 4,680, seti ya gasketi na boliti 640, saa 46 za kazi 2,530, "vifaa vidogo" 310, uchunguzi 150. Jumla 13,510. Weka TVA (kodi ile wenzetu wanaiita VAT) ya asilimia 16, ndiyo hiyo 15,671.60.

Nianze na saa, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapoibiwa bila kujua. Zile 46 zilikuwa zimegawanywa hivi: saa 30 kutoa na kurudisha kilasi, 9 kutoa na kurudisha injekta, 7 kufungua kava ya juu na kupima vavu. Sasa jamani, kwenye injini hii injekta zimekaa ndani ya kilasi. Huwezi kuibadilisha bila kuzitoa. Huwezi hata kuzifikia boliti za kilasi bila kufungua kava ya juu, na huwezi kuifunga tena bila kupima vavu. Kazi hizo tayari ziko ndani ya zile 30. Saa 16 ziliandikwa mara mbili, dola 880, ukiweka TVA zinakuwa 1,020 na senti 80. Kila mtengenezaji wa malori ana kitabu cha muda wa kila kazi, na fundi wa wakala anacho. Niliomba nioneshwe ukurasa wa kazi yangu. Nikajibiwa ni siri ya kampuni.

Injekta nazo. Nilimuuliza yule wa mapokezi, ipi imekufa? "Zote zimezeeka, Patron." Mmezipima? Kimya. Injekta hupimwa kwenye mashine, ikaonekana inayorudisha mafuta kupita kiasi na isiyotawanya vizuri. Hata bila kuitoa, kompyuta inaweza kuonesha silinda ipi inabebwa na wenzake. Hakuna aliyefanya hivyo. Na lori halikuwa na moshi, halikuwa linatetemeka, halikukataa kuwaka asubuhi. Dola 4,680 kwa neno "zimezeeka"!

Sitaki mtu aseme nawachukia mawakala. Boliti mpya kuziweka ni sawa kabisa, nyingi zikishavutika hazirudishwi. Oili na filta mpya baada ya kufungua injini, sawa. Bei ya spea kuwa juu kuliko Johannesburg, sawa pia: piesi inapita Zimbabwe na Zambia, inasimama Kasumbalesa, inalipa ushuru, halafu inakaa kwenye rafu miezi. Sibishani na dola 55 kwa saa kama aliyeshika spana amesomea injini hiyo. Ninachobishana nacho ni kwamba hakuna mstari hata mmoja kwenye karatasi ile uliokuwa na kipimo nyuma yake.

Sasa sikieni sehemu inayoniuma zaidi.

Nilifanya tunachoambiwa siku zote: linganisha bei. Nilichukua proforma ile nikaipeleka gereji nyingine kubwa. Wao wakaisoma mstari kwa mstari, wakaandika yao, spea zilezile kutoka kwa mtengenezaji mwingine: dola 9,400. Rafiki zangu wawili wakaniambia, ndugu, umeokoka, chukua. Na nilikuwa tayari kuchukua. Nimeshafikiria hadi wa kumkopa. Ningelipa 9,400, ningemshukuru Mungu kwa kuokoa zaidi ya elfu 6, na mapovu yangerudi siku ya kwanza njiani, kwa sababu gereji ya pili haikulichunguza lori langu. Ilinakili kosa la ya kwanza na kulipunguzia bei. Sijui ni wangapi humu wamelipa "bei nafuu" ya aina hiyo.

Aliyeniokoa ni shofere wangu, aliyekataa kunyamaza. Akanipeleka kwa mzee mmoja fundi, kule Kampemba, uwanja wa vumbi, hana kompyuta wala kiti cha mteja. Kabla ya kushika chochote alimuuliza shofere, siyo mimi: mapovu yanakuja lini na yananyamaza lini? Shofere akarudia habari ya upepo. Mzee akacheka kidogo, akasema, "Hiyo si kilasi. Hiyo ni kompresa inapuliza ndani ya maji."

Kompresa ya upepo wa breki kwenye injini hizi inapozwa na maji yaleyale ya injini. Kichwa chake kikipasuka, au gasketi yake ikichoka, upepo unaingia kwenye njia ya maji. Shinikizo linapanda, mapovu yanatokea, maji yanatupwa nje kupitia kifuniko. Ukiangalia kwa macho tu utaapa ni gasketi ya kilasi. Ila matenki ya upepo yakijaa, kompresa inaacha kusukuma na mapovu yanapungua. Gasketi ya kilasi haijui kama matenki yamejaa au hayana kitu.

Alivyothibitisha ilichukua nusu saa. Tuliweka magogo kwenye magurudumu, akafungua bomba la upepo linalotoka kwenye kompresa ili isijenge shinikizo, akawasha injini. Mapovu yakakatika. Akazima, akalifunga bomba, akawasha tena. Mapovu hayo. Halafu akafungua koki za chini za matenki ya upepo: yakatoka maji yenye rangi ileile ya kwenye rejeta. Nilitaka kulia pale pale. Alipokitoa kichwa cha kompresa alinionesha ufa mwembamba kama unywele, kati ya njia ya upepo na njia ya maji.

Kompresa 690, maji ya rejeta 60, katriji ya kikaushio cha upepo 45 (lazima ibadilishwe, imeshanyonya maji), ufundi 120. Dola 915. Siku moja na nusu.

Na wakala? Nilipokataa kusaini walinidai dola 20 kwa siku za kuegesha, siku 4. Pamoja na uchunguzi na TVA nikalipa 266.80 ndipo geti likafunguliwa. Nililipa ili niambiwe uongo. Nimewaandikia barua nikitaka pesa hiyo irudi, na nikitaka waniandikie ni kipimo gani kiliwapa jibu la kilasi. Kipo kipimo cha maji ya buluu kinachobadilika rangi gesi ya injini ikiingia kwenye maji. Ni cha bei ndogo, na sidhani kuna wakala asiye nacho. Hawakukitumia.

Ninaomba hivi. Wenye proforma za kilasi za silinda 6, za hapa, za Kolwezi, za Likasi, hata za Ndola, ziwekeni humu, majina mkiyafunika. Nataka kuona saa tu: wameandika ngapi, na injekta na vavu wameziandika kando au la. Na kama kuna mtu aliyebadilishiwa kilasi na mapovu yakarudi, tafadhali aseme ilikuwaje.

NYONGEZA, usiku: Aliyeuliza kwa nini sikudai spea ya zamani: hawakufungua kitu, hakuna spea. Ila ni swali zuri. Kilasi ya kubadilishana huwa na amana, unairejesha ya zamani wanakurudishia pesa. Kwenye proforma yangu amana haikuonekana popote, na ya zamani ilikuwa imeandikwa kwamba inabaki gereji.

Aliyesema mzee alibahatisha: alifungua bomba, akafunga, mapovu yakamtii mara zote mbili. Hiyo kwangu si bahati.

Lori limepakia tena jana, liko njia ya Kolwezi. Shofere amenipigia kutoka Likasi. Ameangalia maji. Hayajashuka.